Laptopu, Televisheni na Picha ya HD: Waya Ni Sehemu Moja Tu ya Safari

Kila mashindano makubwa ya soka yanapokaribia, na kila mwisho wa wiki familia inapotaka kutazama filamu kwa pamoja sebuleni, swali lilelile huulizwa kwenye maduka ya Kariakoo, kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi na kwenye makundi ya WhatsApp: ni waya gani ununuliwe ili picha iliyomo kwenye laptopu ionekane kwenye televisheni ikiwa safi, yaani HD? Muulizaji hujibiwa haraka, hulipa na kurudi nyumbani, kisha huchomeka waya wake na kukuta televisheni inaandika kwamba hakuna mawimbi. Mwingine hupata picha bila sauti. Mwingine hupata picha na sauti, ila kingo za picha zimekatwa, au picha yote ina ukungu kiasi kwamba maandishi hayasomeki kutoka kwenye kochi.

Lawama zote huangukia waya. Mmoja husema waya ni feki, mwingine hushauri ununuliwe wa bei kubwa wenye ncha za dhahabu, na wa tatu hudai kwamba televisheni hiyo haikubali laptopu. Mara nyingi wote watatu wamekosea, kwa sababu picha hupita mahali pengi kabla ya kufika machoni mwa mtazamaji, na ubora wake huamuliwa na pale inapobanwa zaidi. Makala haya yanaifuata picha hiyo tangu inapotoka hadi inapofika, ili msomaji ajue fedha yake aiweke wapi, na ni wapi hapahitaji fedha hata kidogo.

Tuanze na HD yenyewe. Picha yoyote ya kwenye kioo imejengwa kwa vinukta vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Chukua mikeka miwili yenye ukubwa sawa, mmoja umesukwa kwa chane pana na mwingine kwa chane nyembamba. Ua likisukwa kwenye mkeka wa kwanza, kingo zake huwa za ngazi ngazi. Likisukwa kwenye wa pili, mviringo wake huonekana vizuri kwa sababu msusi alikuwa na chane nyingi za kuchezea rangi. Pikseli ni chane hizo. Picha ya kawaida ya televisheni za zamani katika nchi zetu, ile iitwayo SD, ikiwekwa katika mfumo wa dijitali huwa na pikseli 720 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani jumla ya 414,720. Daraja la kwanza la HD lina pikseli 1280 kwa 720, ambazo ni 921,600. Daraja la Full HD, ambalo watu wengi hulikusudia wanaposema HD, lina 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600, mara 5 kamili ya ile SD. Juu yake kuna 4K yenye 3840 kwa 2160, ambayo ni mara 4 ya Full HD.

Kutokana na hesabu hiyo, kuna jambo moja ambalo hakuna waya wala kioo kinachoweza kulikwepa. Picha yenye pikseli chache ikipelekwa kwenye televisheni kubwa, televisheni huikuza ili ijaze kioo, lakini haiwezi kurudisha maelezo ambayo hayakuwemo. Filamu iliyopakuliwa kwa kiwango cha 480, yaani mistari 480 ya pikseli kutoka juu hadi chini, itabaki ya 480 hata ikioneshwa kwenye televisheni ya inchi 65 kupitia waya wa bei ghali kuliko zote dukani. Tena itaonekana mbaya zaidi pale kuliko ilivyoonekana kwenye laptopu, kwa kuwa ukubwa wa kioo unayaanika mapungufu yaliyokuwa yamejificha kwenye kioo kidogo.

Kuna mkanganyiko mwingine unaofaa kuondolewa mapema, nao ni ule wa kudhani kwamba dijitali na HD ni kitu kimoja. Chanzo chake ni historia ya karibuni. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikazima ya kwake mwaka 2015, mwaka uleule uliokuwa ukomo wa kimataifa wa zoezi hilo. Watu walilazimika kununua ving'amuzi, chenga zikatoweka, na neno dijitali likazoeleka kwa maana ya picha safi. Kwa hakika dijitali ni namna ya kusafirisha picha kwa tarakimu, na HD ni wingi wa pikseli. Picha inaweza kuwa ya dijitali na bado ikawa SD, na zipo chaneli za ving'amuzi ambazo ziko hivyo hadi leo.

Vivyo hivyo, televisheni bapa si lazima iwe ya Full HD. Nembo ya "HD Ready", iliyoanzishwa Ulaya mwaka 2005, ilidai kioo kiwe na angalau mistari 720, na televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Televisheni kama hiyo inaweza kupokea picha ya Full HD bila kulalamika, lakini huipunguza ili itoshe kwenye kioo chake. Hakuna ubaya wowote kuwa nayo, na mtu anayeketi mita tatu kutoka kwenye inchi 32 hatajutia sana tofauti hiyo. Ila asitumie fedha kutafuta waya wa kumpa kile ambacho kioo chake hakina.

Sasa tuifuate picha. Filamu iliyohifadhiwa kwenye laptopu, au inayokuja kutoka kwenye intaneti, imebanwa sana ili iwe nyepesi. Netflix, kwa mfano, hupendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya Full HD, ambayo kwa saa moja ni takriban gigabaiti 2.25 za bando. Laptopu ndiyo inayoifumua picha hiyo iliyobanwa, ikaijenga upya pikseli kwa pikseli, kisha ikaisukuma kwenye waya ikiwa imefumuliwa kabisa. Full HD ya picha 60 kwa sekunde, iliyofumuliwa hivyo, hubeba karibu gigabiti 3 kila sekunde, yaani karibu mara 600 ya kile kilichoingia kutoka kwenye intaneti. Hapa ndipo unapopatikana umuhimu wa waya maalumu, na hapa pia ndipo lilipo jibu la wanaouliza kama HDMI, yaani waya wa kisasa wa picha na sauti, inakula bando. Haili. Kinachokula bando ni laptopu inapopokea filamu kutoka kwenye intaneti, na ingekula kiasi kilekile hata kama televisheni isingekuwepo.

Kwa hiyo pa kwanza pa kukagua ni chanzo. YouTube ikiachwa ijichagulie, hushusha ubora kimyakimya mtandao unapozidiwa, na mtazamaji huona ukungu akadhani ni waya. Bonyeza alama ya gurudumu la meno iliyo chini ya video, tazama kiwango kinachochezwa, na kama ni 360 au 480 basi umekwisha kumpata mkosaji kabla hujagusa waya wowote.

Chanzo kikiwa sawa, tunafika kwenye matundu ya laptopu, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Tundu la zamani zaidi ambalo bado lipo kwenye laptopu zilizotumika, hasa zile zilizotoka maofisini, ni VGA. Lilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, lina vijitundu 15 vilivyopangwa katika safu 3, na mara nyingi plastiki yake ni ya bluu. VGA hupeleka picha kwa mfumo wa analojia na haipeleki sauti kabisa. Anayeitumia hana budi kuvuta waya wa pili wa sauti kutoka kwenye tundu la spika za masikioni hadi kwenye televisheni, la sivyo picha itakuwa bubu na hakuna mpangilio utakaoiponya. Mwezi Desemba 2010 kampuni kubwa za kompyuta, zikiwemo Intel, AMD, Dell na Lenovo, zilitangaza kwamba zingeachana na tundu hilo, na kwa kweli karibu laptopu zote mpya hazinalo tena.

HDMI ndilo tundu la kutafuta. Toleo lake la kwanza lilichapishwa Desemba 2002 na kundi la kampuni lililojumuisha Sony, Panasonic, Philips, Hitachi na Toshiba, likiwa na lengo lililo wazi: waya mmoja ubebe picha ya HD na sauti kwa pamoja, kwa tarakimu tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Tundu lake ni bapa, pana juu kuliko chini, lenye miguso 19 ndani. Kama laptopu yako inalo na televisheni yako inalo, mjadala wa ununuzi umekwisha: waya wa kawaida wa HDMI unatosha.

Laptopu nyembamba za siku hizi mara nyingi hazina HDMI, zina tundu dogo bapa lenye ncha za mviringo liitwalo USB-C, na hapa panahitaji uangalifu. Umbo la tundu halisemi kazi yake. Kuna USB-C inayochaji na kuhamisha mafaili tu, na kuna USB-C inayotoa picha pia. Tazama pembeni mwa tundu: alama ya radi, au herufi D na P zilizoshikana, huashiria kwamba picha inatoka. MacBook zenye matundu hayo hutoa picha. Kwa laptopu nyingine, soma maelezo ya modeli yako kabla ya kununua adapta, kwa sababu adapta nzuri kuliko zote haiwezi kutoa kitu ambacho laptopu haikukipeleka kwenye tundu.

Kisha kuna USB ile ya kawaida, pana, ya kuchomekea flashi. Dukani utaona waya wenye USB hiyo upande mmoja na HDMI upande wa pili, na bei yake huvutia. Tundu hilo kwa lenyewe halitoi picha. Vipo vifaa vya kweli vinavyolitumia, lakini ndani yake vina chipu inayojenga picha na vinahitaji programu yake isakinishwe kwenye laptopu. Waya mtupu usio na kisanduku chochote hauwezi kazi hiyo. Kibaya zaidi ni kuchukua waya wenye USB pana pande zote mbili na kuunganisha laptopu na tundu la USB la televisheni. Televisheni hutarajia kukuta flashi pale. Na kwa kuwa pande zote mbili zinatoa umeme, unazikutanisha ana kwa ana na unaweza kuharibu kimoja.

Sasa suala la bei ya waya. Katika mfumo wa dijitali kinachosafiri ni mfululizo wa sifuri na moja. Tarakimu zikifika zote, picha ya waya wa bei ndogo na ya waya wa bei kubwa ni ileile, pikseli kwa pikseli, rangi kwa rangi. Zisipofika zote, hutaona picha iliyofifia kidogo. Utaona vinukta vyeupe vinavyomeremeta, picha inayokatika na kurudi, au kioo cheusi. Dhahabu kwenye ncha huzuia kutu, jambo lenye faida kwa anayeishi karibu na bahari, lakini haimuongezei mtu hata pikseli moja. Pale ubora wa waya unapokuwa na maana ni kwenye urefu na kwenye 4K. Waya wa mita 2 au 3 kwa Full HD hausumbui. Ukivuta zaidi ya mita 10, kwa mfano kutoka mezani hadi kwenye projekta ya ukumbini, waya hafifu huanza kuangusha tarakimu. Na picha ya 4K ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde huhitaji njia ya gigabiti 18, kiwango kilicholetwa na HDMI 2.0 mwaka 2013. Namba hizo za matoleo ni za matundu na mashine. Waya wenyewe hutambulishwa kwa daraja la kasi, na kwa Full HD daraja lililoandikwa "High Speed" linatosha na kubaki.

Wapo ambao televisheni yao haina HDMI kabisa. Televisheni za chogo bado zinafanya kazi katika nyumba nyingi, na sioni sababu ya mtu kuona haya kwa kuwa nayo. Kwa hizo huuzwa kisanduku kidogo cha plastiki, cheupe au cheusi, kinachotoshea kiganjani: upande mmoja kina tundu la HDMI, upande wa pili matundu matatu ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, ubavuni kina kitundu cha kupokelea umeme wa USB na kiswichi kidogo chenye maandishi PAL na NTSC, ambayo ni majina ya mifumo miwili ya televisheni za analojia. Kisanduku hiki kinafanya kazi, na nimeona kikifanya kazi kwa miaka. Ila juu yake mara nyingi huandikwa 1080P kwa herufi kubwa, na mnunuzi huamini kwamba televisheni yake ya chogo itatoa Full HD. Maana halisi ya maandishi hayo ni kwamba kisanduku kinaweza kupokea picha ya 1080 kutoka kwenye laptopu. Kinachotoka kwenye tundu la njano ni SD, kwa kuwa njia hiyo ya analojia haibebi zaidi. Filamu utaitazama vizuri, maandishi madogo hutayasoma.

Mambo matatu huwaangusha wanaonunua kisanduku hicho. La kwanza ni mwelekeo: kile kilichoandikwa HDMI2AV hupokea HDMI na kutoa nyaya tatu, na kile cha AV2HDMI hufanya kinyume chake, wala hakuna kinachogeuka ukikigeuza mkononi. La pili ni umeme: bila USB ya kukiwasha, hubaki kimya. La tatu ni kile kiswichi, ambacho kwa televisheni zetu za zamani huwekwa kwenye PAL. Kikiwa kwenye NTSC picha inaweza kutoka bila rangi au kuwa inapanda na kushuka. Kanuni hiyohiyo ya kigeuzi inawahusu wanaotaka kutoka VGA kwenda HDMI: unahitaji kifaa chenye umeme na chipu ndani, na waya mtupu wenye ncha mbili tofauti ni hasara.

Tuseme sasa waya umechomekwa na kila kitu kinalingana. Chukua rimoti, bonyeza kitufe cha "Source" au "Input", kisha chagua HDMI yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye tundu ulilochomeka. Watu wengi huona ujumbe wa kutokuwepo kwa mawimbi kwa sababu wamechomeka HDMI 2 na televisheni inasikiliza HDMI 1.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayowaibia watu HD kuliko nyingine zote. Kwenye laptopu ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utapata machaguo manne: laptopu peke yake, kurudufu, kutandaza na kioo cha pili peke yake. Mara nyingi utakuta laptopu iko kwenye kurudufu, yaani "Duplicate", na watu huiacha hapo kwa sababu picha imeonekana kotekote. Laptopu nyingi zilizotumika, hasa za zamani na za bei nafuu, zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Zinaporudufu, mara nyingi huchagua ukubwa ambao vioo vyote viwili vinaumudu, kwa hiyo televisheni ya Full HD hupelekewa picha ya pikseli 1,049,088, ambazo ni takriban nusu ya uwezo wake, kisha huikuza. Herufi huvimba na kuwa na kivuli, nyuso hupoteza ukali, na mwenye nyumba huenda kununua waya mwingine. Chagua "Second screen only". Kioo cha laptopu kitazima, televisheni itabaki peke yake, nawe utaweza kuingia kwenye mipangilio ya kioo na kuweka 1920 kwa 1080. Tofauti huonekana papo hapo, hasa kwenye maandishi, na haikugharimu hata shilingi moja. Anayetaka kuendelea kuitumia laptopu kwa kazi nyingine achague "Extend", kisha aiburute filamu hadi kwenye televisheni. Kila kioo kitabaki na pikseli zake.

Laptopu hujuaje televisheni inataka nini? Ndani ya waya wa HDMI mna njia ndogo ambayo televisheni huitumia kujitambulisha mara tu inapounganishwa: inasema ukubwa inaoupokea, fremu ngapi kwa sekunde, na kama ina spika. Ndiyo maana mara nyingine tatizo huisha kwa kuchomoa waya na kuchomeka upya wakati vyombo vyote viwili vimewashwa, kwani utambulisho ule unarudiwa.

Picha iliyokatwa pembeni ina asili yake pia. Televisheni za chogo zilikuwa na kingo zisizo nadhifu, kwa hiyo zilizoeshwa kuikuza picha kidogo ili kingo zifichike nje ya fremu. Desturi hiyo ikarithiwa na televisheni bapa ambazo hazina kingo mbaya za kuficha, na ndiyo inayoifanya upau wa chini wa Windows uzame nusu. Dawa iko kwenye menyu ya picha ya televisheni, si kwenye laptopu: tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, kisha chagua kile ambacho LG hukiita "Just Scan", Samsung "Screen Fit" na Sony "Full Pixel". Ukiacha televisheni ikate, inakuwa pia inaikuza picha, na ukali wa Full HD unapotea kwa mara ya pili.

Sauti ikigoma kuhama, bonyeza alama ya spika kwenye kona ya chini ya Windows, fungua orodha ya vifaa vya sauti, kisha chagua jina la televisheni yako. Kwenye Mac chaguo hilo liko katika mipangilio ya sauti. Laptopu haijaharibika, inaendelea tu kutumia spika zake kwa kuwa hujaiambia vinginevyo.

Kuna hali moja ambayo huwatisha watu: eneo-kazi (desktop) la laptopu linaonekana vizuri kwenye televisheni, lakini filamu ya kulipia ikianzishwa kioo kinakuwa cheusi na sauti inaendelea, au panatokea ujumbe wa kosa. Huo ni ulinzi wa hakimiliki uitwao HDCP, uliotengenezwa na Intel, ambao huzitaka mashine zote zilizo njiani zithibitishane kabla picha haijapita. VGA haina uthibitisho huo, na baadhi ya vigeuzi vya bei rahisi hushindwa kuutoa. Ukiunganisha kwa HDMI moja kwa moja, bila kisanduku katikati, kwa kawaida tatizo huisha.

Swali linaloulizwa sana wakati wa mechi ni la upande wa pili: je, king'amuzi kinaweza kuchomekwa kwenye HDMI ya laptopu ili kioo cha laptopu kiwe televisheni? Kwenye laptopu za kawaida haiwezekani. HDMI ya laptopu ni mlango wa kutokea na ile ya televisheni ni mlango wa kuingilia, hata kama matundu yanafanana kama mapacha. Kifaa cha kunasa picha kipo, huchomekwa kwenye USB, lakini ule ulinzi wa HDCP unaweza kuizuia picha ya king'amuzi isipite. Mwenye kibanda umiza anayetaka kioo cha ziada atapata nafuu zaidi kwa kununua televisheni ndogo.

Wanaochukia nyaya wana njia ya hewani. Miracast, iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2012, huunganisha laptopu ya Windows na televisheni inayoikubali kwa kubonyeza kitufe cha Windows na herufi K, na haihitaji intaneti wala bando, kwani mashine hizo mbili huzungumza moja kwa moja kwa Wi-Fi. Ni njia nzuri kwa picha za harusi na maonesho ya kikazi. Ila ili picha ipite hewani laptopu hulazimika kuibana upya, na kubana na kufumua kunakula muda, hivyo kipanya husogea kwa kuchelewa na picha ya mpira wa kasi inaweza kuvunjika vipande. Kwa mechi na kwa michezo ya kompyuta ningechagua waya kila mara.

Limebaki jambo la usalama, ambalo wauzaji hawalitaji. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini uliofungwa sawasawa, na mara nyingi ndiyo sababu mtu hugusa bodi ya chuma ya laptopu iliyo kwenye chaji akahisi msisimko vidoleni. Umeme huo mdogo hutafuta njia, na HDMI ni njia. Ni salama zaidi kuchomeka waya vyombo vyote vikiwa vimezimwa na chaji ikiwa imechomolewa, kisha kuviwasha. Na pale utambulisho unapohitaji kurudiwa, kama nilivyoeleza, laptopu itumie betri. Mvua ya radi ikitarajiwa, kabla haijafika, chomoa antena au waya wa dishi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mshtuko unaoingia kwa dishi hupita kwenye king'amuzi na televisheni ukafika hadi kwenye laptopu. Tundu la HDMI kwenye laptopu nyingi limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, hivyo fundi hulazimika kuifungua mashine nzima ili kubadilisha kitu chenye upana usiofika sentimita 2. Kwa sababu hiyohiyo, unapochomoa waya ushike kichwa chake na kuuvuta kwa kunyoosha, bila kuuyumbisha juu na chini.